Esenin-Volpin wa namba kubwa na Esenin-Volpin wa maandamano ya 1965, ni mtu mmoja?

Mdadisi wa Namba

Wakuu habari zenu. Mi nasoma misingi ya hisabati kwa kujitegemea tu, na kuna jina nimekutana nalo sehemu mbili tofauti kabisa mpaka nikahisi ni watu wawili. Kwenye maandishi ya mantiki wanamtaja Alexander Esenin-Volpin, Mrusi, kwamba alikuwa anatilia shaka namba kubwa. Na sio zile seti zisizo na mwisho, hizo kuna wengi walizikataa kabla yake, huyu hata namba ya kawaida yenye mwisho wake kabisa, ikishakuwa kubwa mno anakuuliza umejuaje kwamba ipo. Halafu nasoma historia ya Usovieti nakuta Esenin-Volpin ndo aliitisha mkutano wa hadhara Moscow mwaka 1965 kudai serikali ifuate katiba yake yenyewe.

Sasa naomba mnisaidie, ni mtu mmoja au ni ndugu? Na la pili ambalo linanisumbua zaidi, nimeona alilazwa hospitali za magonjwa ya akili zaidi ya mara moja, na jamaa ninayesoma naye akaniambia achana naye huyo, alikuwa mgonjwa, hayo mawazo ya namba ni dalili tu. Mi naona hilo jibu ni rahisi mno. Anayemjua vizuri atueleze, hata kwa kirefu, nitasoma yote.

Mama Topolojia

Ni mtu mmoja, na ukimgawa vipande viwili humwelewi hata kimoja.

Alizaliwa Leningrad tarehe 12 Mei 1924. Baba yake ni Sergei Esenin, yule mshairi ambaye Warusi mpaka leo wanayajua mashairi yake kwa moyo, na mama yake ni Nadezhda Volpin, naye mshairi na mfasiri. Hawakuoana, na baba alifariki Desemba 1925 mtoto hajatimiza hata miaka miwili, hivo kalelewa na mama na akabeba majina ya wote wawili. Alisoma hisabati Chuo Kikuu cha Moscow akamaliza 1946, na 1949 akapata shahada yake ya utafiti kwenye topolojia, tawi la hisabati linalochunguza nafasi na maumbo. Hapa naomba tutulie kidogo maana watu wengi wanaruka, wanakimbilia kwenye siasa na hospitali. Ile kazi ya 1949 imo kwenye vitabu vya topolojia vya leo kama nadharia ya Esenin-Volpin. Kuna jamii ya nafasi zinaitwa kompakti za daiadiki, yeye akathibitisha kwamba kama kila nukta ndani ya nafasi hiyo unaweza kuisogelea kwa maeneo yanayohesabika, la kwanza la pili la tatu na kuendelea, basi nafasi nzima unaweza kuiwekea kipimo cha umbali. Mwenye topolojia kidogo anajua hilo sio jambo dogo, kwa nafasi za kawaida halifuati hivihivi. Kijana wa miaka 25 huyo.

Mwaka huohuo akapangiwa kazi Chernivtsi, kule Ukraine, na hakukaa hata kidogo wakamkamata. Kosa lake ni mashairi, aliyaandika na kuwasomea marafiki. Akapelekwa hospitali ya akili ya gereza Leningrad, na 1950 akahukumiwa kwenda kuishi uhamishoni Karaganda, Kazakhstan, miaka mitano, kama "mtu hatari kwa jamii". Stalin alipofariki 1953 ukatoka msamaha akarudi Moscow. Huko akawa anaishi kwa kutafsiri na kufupisha makala za kisayansi, na ndo yeye aliyekitafsiri kwa Kirusi kile kitabu kikubwa cha mantiki cha Kleene, kikatoka 1957. Yani vijana wengi wa Kirusi walioingia kwenye mantiki miaka ile waliingia kwa kupitia kalamu yake.

1959 wakamrudisha hospitali, maana alikuwa kapeleka nje ya nchi mashairi yake pamoja na risala ya falsafa, na 1961 vikachapwa New York kwa jina lake halisi. Hebu fikiria, wenzake walioandika nje walitumia majina ya bandia, yeye hapana. Vladimir Bukovsky, mpinzani mwingine wa Kisovieti aliyemfahamu vizuri, alikuwa anasema ugonjwa wa Volpin ni ukweli uliopitiliza. Mi naona hilo linamjibu huyo jamaa yako vizuri kabisa.

Karani wa Zamani

Niongeze upande wa sheria kwasababu mi ndo niliingilia huko kumjua, hisabati yake nimeifikia baadaye.

Septemba 1965 waliwakamata waandishi wawili, Andrei Sinyavsky na Yuli Daniel, kosa ni kuchapisha vitabu nje kwa majina ya bandia. Kila mtu aliyekuwa na hofu alikuwa na hofu ya kueleweka, kwamba kesi itasikilizwa mlango umefungwa kama enzi za Stalin, watu wanaingia hawatoki. Volpin hakuandika waraka wa kusema serikali ni mbaya. Hakuwatetea hata hao waandishi kwamba hawana hatia, maana hilo ni la mahakama. Aliandika karatasi fupi ya mashine, ikanakiliwa na kupita mkono kwa mkono, inasema kitu kimoja tu: sheria ya nchi hii inasema kesi zisikilizwe wazi, basi isikilizwe wazi. Akataja na vifungu, cha 111 cha Katiba na cha 18 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai. Watu wakutane tarehe 5 Desemba, siku ya Katiba, saa kumi na mbili jioni, uwanja wa Pushkin pale kwenye sanamu ya mshairi.

Na kuna kipengele kwenye ile karatasi ambacho mi kila nikikisoma nasisimka, aliwaelekeza watu kwamba mamlaka wakiwaamuru kutawanyika basi watawanyike mara ya kwanza tu kuambiwa, ila kwanza wawaeleze lengo la mkutano. Hakuna kupigana wala kutukana, na hakuna sehemu hata moja ambapo wewe ndo umevunja sheria. Akiwaachia wao tu nafasi ya kuivunja.

Walikuja watu kama mia mbili hivi, wengine wa kutazama tu. Mabango yakafunguliwa, moja likisema iheshimuni Katiba ya Kisovieti, na makachero wakayararua papo hapo wakawabeba wenye nayo. Ilikuwa dakika chache tu. Sinyavsky alikuja kufungwa miaka saba na Daniel mitano, Februari 1966, kwenye kesi iliyoitwa ya wazi japo kuingia ukumbini ilikuwa kwa kibali maalum. Lakini mkutano wenyewe haukufa, kila mwaka tarehe 5 Desemba watu wakawa wanarudi palepale saa hiyohiyo wanavua kofia wanasimama kimya, na 1966 mwanafizikia Andrei Sakharov naye akaja. Wanahistoria wengi wanaanzia siku hiyo kuhesabu harakati za haki za binadamu za Kisovieti.

Sasa angalia hiyo akili na akili ya namba. Mtu anakuambia "kesi ni ya wazi", anakuuliza imeandikwa wapi na nani kahakikisha. Mtu anakuambia "namba hii ipo", anakuuliza swali lilelile.

Mdadisi wa Namba

Asanteni sana jamani, mmenifungua macho kwakweli. Ila upande wa namba bado sijashika. Mi nilivyofundishwa, sifuri ipo, na ukishakuwa na namba yoyote unaongeza moja unapata inayofuata. Kama hayo mawili umeyakubali basi si umeshafika popote? Yeye alikataa lipi kati ya hayo mawili? Maana naona ukikubali yote huna pa kutokea.

Hatua kwa Hatua

Hilo ndo swali lenyewe mkuu, na jibu lake ni kwamba alikubali yote mawili, akakataa ile "basi umefika popote".

Chukua mfano wake mwenyewe wa namba zinazofikika, yani zile ambazo unaweza kweli kuhesabu mpaka ukazifikia. Sifuri inafikika. Kama umehesabu ukaifikia namba fulani, inayofuata nayo unaifikia, hakuna anayebisha, ni pumzi moja tu zaidi. Kwahiyo mfululizo huo una sifuri na kila namba yake ina inayofuata ndani yake. Lakini 10 kipeo cha 12, yani trilioni moja, haimo. Piga hesabu mwenyewe, ukihesabu namba moja kila sekunde bila kulala utahitaji zaidi ya miaka 31,000. Hakuna aliyefika wala atakayefika. Ana na mfano wa mapigo ya moyo ya utotoni, kila pigo la utotoni unaona lifuatalo nalo ni la utotoni, hakuna pigo moja unaloweza kulinyooshea kidole useme hapa utoto uliisha, na bado utoto uliisha.

Sisi tuliosoma kawaida tunasema hapo kuna mkanganyiko, maana ukianza na sifuri ukarudia ile hatua mara trilioni unatoka na trilioni. Volpin anakujibu: ukirudia mara ngapi? Mara trilioni. Na hiyo trilioni ya kurudia umeitoa wapi, si ndo ileile tunayobishania? Umeshaichukulia kwamba ipo ili uthibitishe kwamba ipo. Huo mkanganyiko hauwezi kuandikwa hatua kwa hatua mpaka mwisho kwasababu uthibitisho wenyewe ungekuwa na hatua nyingi zisizofikika. Mi niliposoma hapo mara ya kwanza niliacha kitabu nikaenda kutembea, sio kwamba nilikubaliana naye, ila sikuwa na jibu la haraka na nilikuwa nimeshazoea kuwa nalo.

Kuna kisa anakisimulia Harvey Friedman, mwanamantiki wa Marekani, ambacho kinaeleza msimamo wake kuliko kurasa kumi. Friedman alimbana, kwamba wewe unasema 2 kipeo cha 100 huna uhakika nayo, sawa, tuanzie chini uniambie ni wapi hasa unapoanza kutilia shaka. Volpin akamwambia haya, uliza. Je 2 kipeo cha 1 ipo? Akajibu ndiyo palepale. Kipeo cha 2? Ndiyo, ila kachelewa kidogo. Kipeo cha 3? Ndiyo, kachelewa zaidi. Wakaendelea hivo mpaka Friedman akaelewa kinachofanyika, kila swali angelijibu ndiyo, lakini kwa kusubiri mara mbili ya lililotangulia. Mpaka ufike 2 kipeo cha 100 utakuwa unasubiri jibu ambalo halitakuja. Hakumpa mpaka kwasababu kwa mtazamo wake mpaka wa namna hiyo haupo, kilichopo ni gharama ya kufika.

Hapo ndo anatofautiana na wale wa kabla yake. Brouwer, mwanahisabati wa Uholanzi, na wenzake wa mtazamo unaoitwa intuishonizimu walisema usinitajie seti isiyo na mwisho kama kitu kilichokamilika, lakini 10 kipeo cha 12 kwao haina tatizo, "kimsingi" unaweza kuihesabu. Volpin alitaka hiyo "kimsingi" ielezwe. Ndomana akaita mtazamo wake intuishonizimu ya kupindukia, akaueleza kwenye kongamano la Warsaw la 1959, makala ikatoka 1961 kwa Kifaransa.

Asiyeyumba

Samahani niweke upande wa pili maana naona tunamsifia tu. Tuwe wakweli, huyu mzee alidai kwamba kwa njia yake angethibitisha kuwa nadharia ya seti haina mkanganyiko, tena alisema hivo kwa miaka mingi, na uthibitisho huo haujawahi kukubalika. Mwanamantiki Kurt Gödel alionyesha tangu 1931 kwamba mfumo wa aina hiyo hauwezi kujithibitishia wenyewe. Makala zake ni ngumu kusomeka, wanaomtaja ni wengi kuliko waliomsoma. Hisabati inapimwa kwa uthibitisho, sio kwa ujasiri wa mtu mbele ya polisi.

Hatua kwa Hatua

Upo sahihi kuhusu huo uthibitisho, haukukamilika na hakuna haja ya kuzunguka. Makala ni ngumu pia, ni kweli.

Kuhusu Gödel lakini subiri. Nadharia ya Gödel inachukulia kwamba mfululizo wa namba asilia ni mmoja, wangu na wako na wa mfumo tunaouchunguza ni uleule. Volpin alikuwa analikataa hasa hilo, akisema kuna mifululizo mingi ya urefu tofauti na hujaonyesha kwamba ni mmoja. Ndo mlango aliotarajia kupitia. Hakufaulu kupita, ila sio kwamba hakuuona ukuta.

Na wazo lenyewe halikubaki maneno matupu. Mwaka 1971 mwanamantiki Rohit Parikh aliandika makala kuhusu kuwepo na kufikika kwenye hesabu. Alichukua hesabu ya kawaida akaiongezea sifa ya "kufikika" kama ya Volpin, sifuri inafikika, anayefuata anafikika, lakini namba fulani kubwa mno haifikiki. Mfumo huo kwa kawaida una mkanganyiko, ila Parikh akathibitisha kwamba uthibitisho wowote mfupi wa kutosha hautaugusa, yani maadamu uthibitisho wako wenyewe unafikika basi hutopata jibu la uongo kuhusu namba za kawaida. Hiyo ni hisabati safi, na makala hiyo ndo moja ya chanzo cha utafiti wa hesabu zenye mipaka unaofanana sana na maswali ya kompyuta, kitu gani kinahesabika kwa muda unaowezekana na kipi hakihesabiki. Edward Nelson wa Princeton naye 1986 akatoa kitabu kizima cha hesabu kinachokataa kuchukulia kwamba kupandisha vipeo kunafanya kazi daima. Kwahiyo swali lilikuwa la kweli hata kama jibu la aliyeliuliza halikusimama.

Mama Topolojia

Nirudi kwenye ugonjwa maana Mdadisi ndo alichouliza na bado hatujamalizia.

Februari 1968 walimchukua tena, safari hii hospitali namba 5 ya Stolbovaya, kama kilomita 70 kutoka Moscow, bila kupimwa na daktari kwanza na bila familia kuambiwa. Wanahisabati wakaandika barua kwa waziri wa afya na mwendesha mashtaka mkuu, na walioisaini walikuwa 99. Tafadhali angalieni majina. Pyotr Novikov, ambaye alithibitisha kwamba tatizo la maneno kwenye makundi (swali maarufu la aljebra) halina njia ya jumla ya kulitatua, mmoja wa wanamantiki wakubwa wa karne nzima. Andrey Markov mdogo, mwanamantiki mwingine wa ngazi ileile. Israel Gelfand. Vladimir Arnold. Yuri Manin. Kama kuna watu duniani wangeweza kusema mawazo haya ni ya mwanahisabati au ni ya mgonjwa, basi ni hawa, na walisema kwa maandishi na kwa majina yao kamili kwamba huyu ni mwanahisabati mkubwa na mahali pale sio pake.

Barua ikasomwa kwenye redio za nje. Volpin akatolewa baada ya miezi michache. Ila waliosaini walilipa, wengine walipoteza kazi, wengine wakanyimwa safari za nje, na kitivo cha hisabati cha Chuo Kikuu cha Moscow hakikuwa kilekile tena baada ya hapo. Walijua hilo linaweza kutokea, na bado wakasaini. Mi kila mtu akiniambia "alikuwa mgonjwa" namwambia akasome hiyo orodha kwanza.

Karani wa Zamani

Na mwaka huohuo 1968 ukawa unapita mkono kwa mkono mwongozo wake wa kisheria kwa wanaosubiri kuhojiwa. Hicho kijitabu kingesomwa darasani. Wengi walikuwa wanaingia kwa mpelelezi wakiwa na hofu, wanaulizwa "unamfahamu fulani?" wanajibu, na kabla hawajatoka wameshawafunga marafiki zao. Volpin akawafundisha kuanza na maswali yao: nimeitwa kwenye kesi gani, kama shahidi au mtuhumiwa, swali hili linahusiana vipi na kesi hiyo, naomba liandikwe kwenye kumbukumbu kama ulivyolitamka. Hakuruhusu uongo hata kwa mpelelezi, hilo alikuwa mkali nalo, ila kunyamaza sio uongo na kukataa swali lisilohusika ni haki yako. Ni kazi ya mwanamantiki kabisa, kila sentensi inatakiwa isimame yenyewe kabla hujaijibu.

Mwishoni mwa 1970 Sakharov, Valery Chalidze na Andrei Tverdokhlebov walianzisha Kamati ya Haki za Binadamu, Volpin akawa mtaalamu wao wa mambo ya sheria japo hakuwahi kusomea sheria. Mwaka 1972 akashinikizwa kuondoka nchini, akahamia Marekani, akafundisha Buffalo halafu Boston, na huko Boston ndo alikofariki tarehe 16 Machi 2016 akiwa na miaka 91.

Mdadisi wa Namba

Nashukuru sana wote, na Asiyeyumba pia maana bila yeye tusingefika kwa Parikh. Swali la mwisho, nianzie kusoma wapi upande wa hisabati yake?

Hatua kwa Hatua

Anza na Parikh 1971, ni makala fupi na ukijua mantiki ya mwanzo utaifuata. Halafu kitabu cha Nelson sura za mwanzo. Volpin mwenyewe muweke wa mwisho, na usianze na ile ya Warsaw, chukua iliyotoka 1970 kwenye kitabu cha kongamano la Buffalo, ndo yenye ule mfano wa 10 kipeo cha 12. Soma polepole na karatasi pembeni, kila anaposema "hili halijathibitishwa" jaribu wewe kulithibitisha bila kutumia kitu chenyewe. Ukikwama lete hapa tuangalie pamoja.